Tangazo la Serikali, la Mradi na la Kampuni: Uombe Lipi, Uache Lipi?

Jumapili moja usiku binti wa dada yangu, aliyemaliza shahada ya uhasibu Mzumbe mwaka jana, alinitumia picha tatu WhatsApp, moja baada ya nyingine, bila neno. Kisha ukaja ujumbe: "Shikamoo mjomba. Bando langu linatosha kuomba moja tu leo. Niombe ipi?"

Bando ulikuwa utani, ila nusu tu. Kuomba kazi kunakula hela hata kama tangazo lenyewe ni la bure. Kuna kuskani vyeti steshenari, kuna wakili wa kugonga muhuri kwenye nakala, na ukiitwa kuna nauli na pa kulala. Mtu asiye na kipato akiomba kila kinachopita mbele ya macho yake, baada ya miezi mitatu anakuwa na deni na bado hana kazi. Nilimwambia alale, tutayaangalia asubuhi.

Picha ya kwanza ilikuwa tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: Afisa Hesabu Daraja la II, kwenye halmashauri. Ya pili, msaidizi wa fedha kwenye mradi wa afya wa shirika lisilo la kiserikali, kituo Shinyanga, mkataba wa mwaka mmoja "unaoweza kuongezwa kulingana na upatikanaji wa fedha". Ya tatu, mhasibu wa kampuni inayouza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, mshahara "maelewano". Mimi nimefanya kazi miaka kadhaa ofisi ya rasilimali watu ya kampuni binafsi, yaani upande wa wanaoyaandika matangazo haya, kwa hiyo nayasoma kwa jicho la aliyewahi kuyapika.

Sifa: ukuta wa serikali na pazia la kampuni

Kosa kubwa la vijana ni kusoma sifa za matangazo yote kwa uzito mmoja. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira likisema shahada ya uhasibu, ni shahada ya uhasibu. Likisema Mhasibu badala ya Afisa Hesabu, ujue wanataka CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu, juu ya shahada, na kama huna, hakuna barua tamu itakayokuvusha. Umri usiozidi miaka 45 una maana hiyohiyo. Ukisoma masharti ya jumla chini kabisa, pale ambapo wengi wameshachoka kusoma, utakuta hati za matokeo za muda hazipokelewi, wanataka vyeti vyenyewe. Waliosoma nje ya nchi vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka za elimu za hapa nchini: TCU, NECTA au NACTVET. Barua iwe imesainiwa. Kila sharti pale ni tofali. Hupiti katikati.

Lakini ukuta huo una mlango ambao watu hawauoni: Daraja la II ni daraja la kuanzia kazi. Hawaulizi uzoefu. Kwa mtu aliyetoka chuo juzi, tangazo linaloonekana gumu kuliko yote ndilo pekee kati ya matatu lililoandikwa kwa ajili yake.

Kampuni ya vifaa vya ujenzi, kinyume chake, ilitaka "uzoefu usiopungua miaka 5, CPA, ujuzi wa mifumo ya uhasibu, awe na kompyuta mpakato yake". Hilo ni pazia. Mwajiri ameandika mtu anayemtamani, halafu ataangalia nani amekuja na anataka kulipwa ngapi. Mwenye CPA na miaka 5 hakimbilii tangazo linaloficha mshahara. Nimeketi kwenye vikao ambapo tulitangaza miaka 5 na tukaajiri mwenye mwaka mmoja na nusu, kwa sababu ndiye aliyejibu maswali na ndiye aliyekubali kiasi kilichokuwapo. Hivyo kwenye kampuni binafsi, ukiwa na nusu ya sifa na hiyo nusu ndiyo kazi yenyewe, jaribu. Kwa huyu binti nusu hiyo ilikuwa ipo: mafunzo kwa vitendo aliyafanyia kwenye duka la jumla, na stoku anaijua.

Hilo la kompyuta yako mwenyewe, hata hivyo, liwekee alama. Mwajiri anayekuomba ulete kifaa cha kazi ameshakueleza jambo kuhusu bajeti yake.

Shirika liko katikati. Matangazo ya miradi hutenganisha "lazima" na "itapendelewa", na yanamaanisha. Lazima yao ilikuwa miaka 3 ya kushughulikia fedha za wafadhili. Hana hata siku moja. Hapo mimi ningeacha.

Mshahara: kinachoandikwa na kinachofika mkononi

Tangazo la serikali haliandiki shilingi, linaandika TGS D, yaani ngazi ya mshahara ya serikali. Mgeni anaona ni fumbo, kumbe ndilo lililo wazi kuliko yote. Ngazi hiyo ni ileile Kigoma na Kinondoni, haina kupatana, na mtumishi yeyote wa halmashauri uliye na namba yake atakutajia inaanzia ngapi mwaka huu.

La kampuni likasema "maelewano". Maelewano na mtu asiye na kazi si maelewano, ni bei ya jioni sokoni nyanya zikiwa zimeanza kulainika. Usiende kwenye mazungumzo hayo kabla hujafanya hesabu za makato, na hapa nitakaa kidogo, maana hata wahasibu wapya hawapigi hesabu zao wenyewe.

Chukua 800,000 kwa mfano tu. Kampuni inayofuata sheria itakata 10% ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 80,000. Kodi inahesabiwa kwenye 720,000 inayobaki: 270,000 ya kwanza haina kodi, 250,000 inayofuata inakatwa 8% ambayo ni 20,000, na 200,000 ya mwisho inakatwa 20%, yaani 40,000. Jumla ya kodi ni 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua 15% ya mshahara wa msingi: 120,000. Umebaki na 540,000.

Mshahara huohuo serikalini unakatwa 5% ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, yaani 40,000, bima ya afya 3%, yaani 24,000, kodi 68,000, na Bodi ya Mikopo 120,000 yake ileile. Unabaki na 548,000. Tofauti ya mkononi ni 8,000, nauli ya siku chache. Tofauti yenyewe iko usipoiona: serikalini mwajiri anakuwekea 15% kwenye mfuko, 120,000, na una kadi ya bima, kampuni inakuwekea 80,000, na habari ya bima tangazo halikuigusa.

Kwa hiyo ukiulizwa kwenye usaili "unatarajia mshahara gani?", usitaje tarakimu peke yake. Taja tarakimu na useme kama ni kabla au baada ya makato. Nimewaona watu wakifurahia 600,000 ya mdomo, wakalia mwisho wa mwezi.

Kuna kampuni zinazosema "tunakupa yote mkononi, hatukati chochote". Ukisikia hivyo elewa kuwa NSSF hutakuwa nayo, na siku ukiumia ghala likakuangukia, utatafuta barua inayoonyesha kuwa uliwahi kuajiriwa pale.

Shirika halikutaja mshahara, ila mashirika mengi yana viwango vyao vya ndani na kwa kawaida huzidi vya wengine wawili hawa. Hilo ndilo lililokuwa linamvuta binti, na simlaumu.

Ngoja niseme neno kuhusu mapambo. Tangazo la kampuni lilijinadi: likizo ya siku 28 kwa mwaka, NSSF, malipo ya muda wa ziada. Hayo si marupurupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 za likizo kwa mzunguko wa mwaka, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Ni sawa na muuza chai kukutangazia kwamba chai yake ina maji. Ukivua vitu vya lazima kwenye tangazo, tazama kilichobaki. Kwenye hili kilibaki "mazingira rafiki ya kazi".

Kazi itadumu hadi lini

Kabla ya 2025 ningemwambia mtu yeyote mwenye sifa: mkataba wa mwaka mmoja wa mradi mkubwa ni mzuri kuliko ahadi ya kudumu ya kampuni ndogo. Miradi ya afya ilikuwa inaongezwa mwaka hadi mwaka, watu wakajenga nyumba. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump akasaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imeacha rasmi kuendesha misaada. Rafiki yangu aliyekuwa afisa fedha wa mradi mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa alipata barua pepe ya kusimamisha kazi akiwa safarini kwenda kukagua vituo. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka miwili kwenye karatasi.

Sisemi miradi isiombwe. Nasema tangazo la mradi lina maswali mawili ambayo zamani hatukuyauliza: mfadhili ni nani, na mradi uko mwaka wa ngapi? Mara nyingi majibu yamo kwenye aya ya kwanza, ile ya kujitambulisha ambayo waombaji huiruka. Hili la Shinyanga lilikuwa la mradi wa miaka 5 ulio mwaka wa 4. Mtu wa fedha anayeingia mwaka wa 4 mara nyingi anakuja kufunga mahesabu. Kwa mwenye uzoefu hiyo ni kazi nzuri ya kuongeza kwenye wasifu. Kwa anayeanza, ni kuingia kwenye harusi wakati wa kukunja viti.

Serikalini ni masharti ya kudumu, kwa kuanza na majaribio ya miezi 12 kisha kuthibitishwa. Kwenye kampuni tangazo lilisema "majaribio miezi 6". Angalia sana hiyo sita. Sheria ile niliyoitaja inasema mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hafunikwi na kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Wapo waajiri waaminifu wanaoweka miezi 6, na wapo wanaobadilisha watu kila baada ya miezi 5. Njia ya kuwatofautisha ni kuangalia kama nafasi hiyohiyo ilitangazwa mwaka jana. Tafuta jina la kampuni na cheo kwenye mtandao. Matangazo ya zamani hayafi.

Kuhusu kituo sina mengi. Shirika limesema Shinyanga, kampuni imesema Dar, serikali imesema popote. Kama una mgonjwa wa kumwangalia nyumbani, "popote" ni neno zito, lipime kabla ya kuomba na si baada ya barua ya kupangiwa kituo.

Mko wangapi mlangoni

Wengi wanaikumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita 135,000, wastani wa watu 85 hivi kwa kiti kimoja. Takwimu hizi zinawakatisha tamaa watu kwa namna isiyo sahihi. Wanaacha kuomba serikalini, ambako kuomba ni bure na mtihani wa mchujo unasahihishwa kwa majibu yako, halafu wanatumia nauli kukimbizana na nafasi moja ya kampuni ambayo huenda ina mwenyewe.

Gharama ya serikali inakuja baadaye. Kwenye wito wa usaili utasoma kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Anza kuweka akiba hiyo siku unayotuma maombi. Na wanaofaulu usaili wa mahojiano nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa kazi baadaye bila kuitwa tena, kwa hiyo nauli ile haipotei bure moja kwa moja. Kampuni na shirika hawana kitu cha namna hiyo, ukishindwa, kimya.

Tangazo lenye mwenyewe

Sasa niungame. Mwaka fulani bosi wangu aliniita akaniambia niandike tangazo la nafasi ambayo mtu wake alishaikalia kiti wiki mbili. Utaratibu wa kampuni ulitaka itangazwe. Nikaandika: shahada ya uhasibu, stashahada ya ugavi, leseni ya udereva daraja C, Kifaransa cha kuzungumza, uzoefu wa miaka 7 kwenye biashara ya vipuri. Siku 4 za kuomba, Ijumaa hadi Jumatatu. Nilikuwa nimeandika wasifu wa mtu mmoja nikaupa jina la tangazo. Waliomba watu 60 na zaidi, wengine kwa bahasha za kaki walizoleta wenyewe getini kwa miguu. Mlinzi alizipokea vizuri.

Tangu siku hiyo nikiona sifa ambazo hazina sababu ya kukaa pamoja, na muda wa kuomba mfupi kuliko wa kuandaa nyaraka, sitoi hata shilingi ya bando. Serikalini matangazo ya Sekretarieti mara nyingi hukaa wazi wiki mbili. Mashirika hukaa hivyohivyo, ila mengine huandika kuwa maombi yanapitiwa kadiri yanavyoingia. Hapo mwisho halisi ni wiki ya kwanza, usisubiri tarehe iliyoandikwa.

Na lile tangazo la nne ambalo hakunitumia, lakini najua limo kwenye kila kundi la WhatsApp: "nafasi 200, kidato cha nne na kuendelea, mshahara 700,000, tuma 15,000 ya fomu". Halihitaji kulinganishwa na kitu. Sekretarieti haichukui hela ya kuomba, TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, haichukui, na wakala halali wa kazi za Oman au Dubai analipwa na mwajiri. Tangazo la serikali lifuate hadi kwenye tovuti inayoishia na .go.tz. Kampuni itafute BRELA, wanakosajili kampuni, kama imesajiliwa. Isipopatikana, au namba ya kutumia pesa ina jina la mtu binafsi, maliza hapo.

Nilivyompangia, na alivyofanya

Asubuhi nilimpigia. Nikamwambia: ya serikali kwanza, kwa sababu ndiyo isiyokuuliza uzoefu, ya kampuni ya pili, ila upige simu kabla ya kutuma, uulize mambo matatu, kwamba mshahara unaanzia ngapi, NSSF waliyoitangaza ipo kweli, na aliyekuwepo ameondoka kwa nini, ya mradi iache.

"Hiyo ya mradi nilishatuma saa saba usiku, mjomba."

Sawa. Haikumgharimu zaidi ya usingizi.

Kampuni alipiga. Dada wa mapokezi alimwambia mshahara "utaujua ukija", NSSF "hilo ni la bosi", na kwa swali la tatu akacheka, akasema, "Dada, wewe lete tu CV." Bado anafikiria kama apeleke. Mimi ningepeleka, kwa kuwa anakaa Mbagala na kampuni iko Kariakoo, nauli ni ya daladala moja, na usaili wa kwanza maishani ni bora uufanyie mahali ambapo ukishindwa hujapoteza kitu.

Ya serikali ndiyo iliyokwama, na si kwa sababu niliyoitegemea. Alipokuwa anajaza taarifa Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti, aligundua kuwa jina la babu yake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi h katikati, na kwenye cheti cha kidato cha nne halina. NIDA wamefuata cheti cha kuzaliwa. Wito wa usaili huwa unasema wazi kwamba wenye majina yanayotofautiana walete hati ya kiapo iliyosajiliwa. Leo yuko kwa wakili, ameniomba nimtumie 50,000, na tangazo linafungwa Jumatano.